Kipimo Kambini: Jeshi, Ndoa na UKIMWI tangu Kinshasa ya 1983

Tarehe 23 Septemba 1991 askari wa miavuli waliokaa karibu na uwanja wa ndege wa N'djili, ambao mishahara yao ilikuwa imekwisha kumezwa na kupanda kwa bei, walitoka kambini wakaingia mjini Kinshasa. Maduka yalivunjwa, viwanda vikabomolewa, na muda haukupita raia wengi wakajiunga nao. Wazazi wenu wanaijua siku hiyo. Wameisimulia mara nyingi, pamoja na ile ya Januari 1993 iliyoifuata. Husimulia magunia ya unga, majokofu yaliyobebwa vichwani, na askari wa Ufaransa na Ubelgiji waliokuja kuwaondoa wageni. Lakini katika hasara za juma lile kuna moja isiyotajwa sana, maana haikuwa kitu cha kubebwa kichwani. Wageni walipoondolewa, ulivunjika pia mradi ulioitwa Projet SIDA, ambao tangu 1984 ulikuwa kazi kubwa kuliko zote za utafiti wa UKIMWI katika Afrika. Haukusimama tena.

Naanzia hapo, ndugu vijana, kwa sababu historia ya upimaji wa virusi vya UKIMWI jeshini husimuliwa kwa kawaida kana kwamba ilianzia Marekani au Geneva, kisha ikaletewa Afrika. Sehemu yake iliyo ya thamani kubwa, yaani kumpima mume pamoja na mke na kuwasindikiza wote wawili baada ya jibu, ilichunguzwa mapema katika mji mkuu wetu. Na ni askari, ambao kambi zao zingeihitaji kazi hiyo kuliko mahali pengi, waliokuwa chanzo cha kuvunjika kwake. Sisemi hivyo ili kuwashtaki. Mtu mwenye bunduki ambaye watoto wake hawajala ni jambo la kuogofya, na walioacha hali ifikie hapo hawakuwa askari wa cheo cha chini.

Mradi wenyewe ulizaliwa hivi. Mwezi wa Oktoba 1983 kikundi kidogo cha madaktari kutoka Ubelgiji na Marekani, Peter Piot wa Antwerp akiwa mmoja wao, kilifika katika hospitali iliyoitwa wakati ule Mama Yemo. Daktari Kapita Bila, Mkongomani aliyeongoza huko huduma ya magonjwa ya ndani, alikuwa amekwisha kuwaona wagonjwa wa aina hiyo: waliokonda, wenye kuhara kusikokoma na homa isiyokubali dawa. Katika majuma matatu walihesabiwa wagonjwa 38. Wanaume na wanawake walikaribia kulingana kwa idadi. Hesabu hiyo ndogo ilitikisa mawazo ya ulimwengu. Huko Marekani ugonjwa ulikuwa ukidhaniwa kuwa wa wanaume wanaojamiiana na wanaume, na wa watumiao sindano za madawa ya kulevya. Kinshasa ilionyesha ugonjwa unaopita kati ya mume na mke, na kwa hiyo unaoingia katika nyumba yoyote.

Mwaka uliofuata ulianzishwa Projet SIDA, kwa ushirikiano wa wizara ya afya ya Zaire na taasisi za Marekani na Ubelgiji, chini ya uongozi wa Jonathan Mann, na baada yake Robin Ryder. Sitayataja yote waliyoyagundua: damu iliyotiwa watoto wenye upungufu wa damu kwa ajili ya malaria bila kupimwa, njia ya mama kwa mtoto, uhusiano na kifua kikuu. Linalotuhusu ni kazi yao juu ya ndoa. Waliwapima wafanyakazi wa benki moja na wa kiwanda kimoja cha nguo, pamoja na wake zao. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba katika nyumba nyingi mmoja tu ndiye aliyekuwa na virusi. Mume anavyo, mke hana. Au mke anavyo, mume hana. Na hali hiyo inaweza kudumu miaka. Watu walidhani kwamba jibu la mmoja ni jibu la wote wawili, na hata leo wapo wanaotuma mke apimwe ili mume ajue hali yake mwenyewe.

Wakafuata ndoa 149 za namna hiyo katika kituo cha ushauri. Kabla ya kupimwa, chini ya asilimia 5 ya wenzi hao walikuwa wakitumia kondomu. Mwezi mmoja baada ya kupewa jibu pamoja na kushauriwa, waliotumia walikuwa asilimia 70 na zaidi kidogo. Baada ya miezi 18 walikuwa asilimia 77. Maambukizi mapya ndani ya ndoa hizo yakawa machache. Fundisho la Kanisa juu ya kondomu mnalijua, na mijadala juu ya wenzi ambao mmoja wao ameambukizwa imekuwa mirefu hata miongoni mwa wanateolojia. Hata hivyo mtu anayeandika historia hana ruhusa ya kuficha tarakimu. Tena kuna jambo jingine ndani ya tarakimu hizo ambalo mabishano yale hulifunika: watu hao walibadili maisha yao kwa sababu mtu fulani aliketi nao, wote wawili, akawaeleza, akarudi tena kuwaona. Kipimo peke yake hakikufanya kazi hiyo.

Sasa tuyatazame majeshi, ambayo wakati huohuo yalikuwa yakishika njia nyingine kabisa.

Kipimo cha kwanza cha damu kiliruhusiwa Marekani mwezi wa Machi 1985. Ilipofika Oktoba mwaka uleule, jeshi la nchi hiyo lilikuwa limeanza kumpima kila kijana aliyeomba kujiunga, na aliyekutwa na virusi alikataliwa. Sababu zilizotolewa hazikuwa za uongo. Askari huchanjwa chanjo nyingi kwa pamoja, na baadhi yake zina vijidudu vilivyo hai. Mwaka 1984 kijana mmoja wa miaka 19 aliyekuwa ameandikishwa tu alipigwa chanjo ya ndui pamoja na nyingine. Kwa kuwa kinga ya mwili wake ilikuwa imekwisha kuharibiwa na virusi bila mtu yeyote kujua, vidonda vya chanjo vilimwenea mwilini, na habari yake ilichapishwa na madaktari mwaka 1987. Tena vitani askari hutoa damu papo hapo kwa ajili ya mwenzake aliyejeruhiwa. Mwenye amri ana haki ya kutaka kujua kama damu hiyo ni salama. Askari waliokwisha kuwa jeshini walipimwa nao, lakini waliokutwa na virusi hawakufukuzwa kwa ajili hiyo tu. Walizuiliwa kutumwa ng'ambo.

Hivyo kipimo kiliingia jeshini kwa mlango wa chujio, kitu cha kutenga wazima na wagonjwa. Wakati ule dawa haikuwako. AZT, ya kwanza, iliruhusiwa mwaka 1987, na ilikuwa ghali na yenye nguvu ya muda mfupi. Chujio, basi, lilikuwa na mantiki yake. Shida ni kwamba desturi hiyo iliendelea hata baada ya mantiki yake kufa.

Kuba ilikwenda mbali zaidi. Maelfu ya Wakuba walikuwa wametumikia Afrika, hasa Angola, wakiwa askari, madaktari na walimu, na serikali iliamua kuwapima waliorudi. Mwaka 1986 ilifungua nyumba ya kuwatenga wenye virusi huko Santiago de las Vegas, karibu na Havana, na mwanzoni iliendeshwa na jeshi. Waliowekwa humo walilishwa vizuri na kutibiwa, mishahara yao iliendelea, lakini hawakuwa na ruhusa ya kutoka wapendavyo. Miaka ilipita kabla ya kuruhusiwa kuishi makwao, katika miaka ya 1990.

Ni katika nchi hiyo yenye kupima kila mtu ndipo Uganda ilipopata habari zake. Yoweri Museveni alikuwa ametwaa Kampala Januari 1986, na jeshi lake, NRA, liliwatuma askari 60 kwenda Kuba kwa mafunzo. Wakapimwa. Kumi na wanane walikutwa na virusi. Mwezi wa Septemba mwaka huo, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote huko Harare, Fidel Castro alimwita Museveni kando akampa habari hiyo. Museveni mwenyewe ameisimulia mara nyingi, na imekuwa kama hadithi ya mwanzo wa vita vya Uganda dhidi ya UKIMWI. Haki itendeke, lakini: miezi minne kabla ya Harare, mwezi wa Mei 1986, waziri wake wa afya, Ruhakana Rugunda, alikuwa amesimama mbele ya mkutano wa Shirika la Afya Duniani huko Geneva akatangaza kwamba Uganda ina ugonjwa huo, wakati mawaziri wengi wa Afrika walikuwa wakikana. Castro hakumfungua mtu macho. Alimwonyesha rais kwamba moto umekwisha kushika nyumba yake mwenyewe, yaani jeshi.

Fikirini sasa uamuzi uliokuwa mbele yake. Ikiwa karibu theluthi moja ya askari waliochaguliwa kwenda kusoma, vijana wenye nguvu na waaminifu, wameambukizwa, basi kuwafukuza wote wenye virusi ni kulivunja jeshi katikati ya vita, maana kaskazini vita vilikuwa vinaendelea. Kuwafungia kama Kuba hakukuwezekana. Uganda haikuwa na majengo wala fedha, na idadi yao ilikuwa kubwa mno. Ikabaki njia moja: kusema wazi na kuishi nao. Jeshi likaanzisha mpango wake wa kupambana na UKIMWI, makamanda wakaamriwa kulizungumzia mbele ya askari waliopanga mistari, na rais mwenyewe akalitaja karibu kila alipohutubia. Sidai kwamba huruma ndiyo iliyotangulia. Ulazima ulitangulia, huruma ikafuata. Meja Rubaramira Ruranga, aliyekuwa miongoni mwa maofisa wa kwanza kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi, alizunguka akifundisha akiwa na cheo chake, na hilo lilikuwa fundisho kuliko mabango. Raia walikuwa wakifanya yao: Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO mwaka 1987, baada ya mume wake kufa, mwaka 1990 kilifunguliwa Kampala kituo ambapo mtu aliweza kwenda kwa hiari yake, akapimwa kwa siri na kushauriwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maambukizi kati ya watu wazima wa Uganda yalikadiriwa kufika asilimia 15 hivi. Uchunguzi wa taifa wa 2004 na 2005 ulikuta asilimia 6.4. Wataalamu wanabishana bado ni kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na mabadiliko ya mwenendo, na kiasi gani kilitokana na vifo tu. Ubishi huo ni wa haki, na si mzuri kuusikiliza.

Hapa niingize neno juu ya lawama. Mwaka 1991 watafiti wawili Waingereza, Smallman-Raynor na Cliff, walilinganisha ramani ya wagonjwa wa Uganda na ramani ya mahali walikoandikishwa askari baada ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, wakaona zinafanana. Mwaka 1998 shirika la UNAIDS liliandika kwamba hata wakati wa amani magonjwa ya zinaa huwapata askari mara 2 hadi 5 kuliko raia, na wakati wa vita huenda ikawa mara 50. Maneno hayo yalirudiwa kila mahali, na kwetu mashariki ya Kongo yaliingia katika ardhi iliyokwisha kulimwa: kila jeshi la kigeni lililopita lilisemwa kuwa limekuja na sida mifukoni. Kisha mwaka 2007 Paul Spiegel na wenzake walikusanya vipimo vya nchi saba zilizopigana, Kongo, Rwanda, Uganda na Burundi zikiwamo, wakakosa ushahidi kwamba vita viliongeza maambukizi katika taifa zima. Barabara zilizokufa na masoko yaliyofungwa huzuia watu kusafiri, na virusi husafiri na watu. Hilo haliondoi hata chembe ya uovu wa kubakwa kwa mama zetu na dada zetu. Kwa yule mmoja aliyeambukizwa, wastani wa taifa si faraja. Linatuonya tu tusimgeuze kila mwenye sare kuwa kisima cha ugonjwa. Askari akijua kwamba mtaa umekwisha kumhukumu, atakwenda kupimwa kwa sababu gani?

Swali hilo la hiari na amri lilifika hata kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Tarehe 10 Januari 2000 baraza hilo, ambalo kazi yake ni vita na amani, lilikaa kwa mara ya kwanza kuzungumzia ugonjwa, chini ya uenyekiti wa Al Gore, makamu wa rais wa Marekani. Tarehe 17 Julai likapitisha azimio namba 1308, likiyahimiza mataifa yawape askari wanaotumwa kulinda amani mafundisho, kinga, na upimaji wa hiari wenye siri. Ujumbe wa MONUC ulikuwa umeundwa kwa ajili yetu miezi michache kabla, Novemba 1999, kwa hiyo maneno hayo yaliihusu nchi yetu moja kwa moja. Wapo waliotaka kila mlinda amani alazimishwe kupimwa. Mwaka 2001 jopo la wataalamu lilikataa, likisema kulazimisha hakungezuia maambukizi kuliko hiari iliyoandaliwa vizuri. Nasoma azimio hilo nikiona ukubwa wake na pia upungufu wake: lilimwona askari aliye safarini. Mke aliyemwacha nyumbani hakuwa katika shabaha yake.

Kusini mwa bara, jambo hilo liliamuliwa mahakamani. Namibia kwanza. Mtu aliyekuwa amepigania uhuru wa nchi hiyo aliomba kuingia katika jeshi lake, daktari wa jeshi akamkuta na virusi ingawa mwili wake ulikuwa mzima, akakataliwa. Tarehe 10 Mei 2000 mahakama ya kazi ilisema kwamba kuwa na virusi peke yake hakumwonyeshi mtu kuwa hafai. Ikaamuru aandikishwe, isipokuwa kama chembe zake za kinga ziitwazo CD4 zimeshuka chini ya 200 na wingi wa virusi katika damu yake umepita 100,000. Oneni jinsi mahakimu walivyolichukua swali kutoka kwenye woga wakaliweka kwenye mizani ya hospitali.

Afrika Kusini ilichelewa. Jeshi lake halikumwajiri mwenye virusi, halikumpandisha cheo, wala kumtuma nje ya nchi, na katika jeshi la siku hizi asiyetumwa nje hukosa posho na vyeo. Chama cha askari kikashtaki, na tarehe 16 Mei 2008 mahakama kuu ya Pretoria ikatamka kwamba katazo hilo la jumla ni kinyume cha katiba, likapewa jeshi miezi sita kuandika kanuni mpya. Lakini nchi hiyohiyo ilikuwa imefanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hukumu. Tangu mwaka 2003, kwa ushirikiano na Marekani, hospitali zake za kijeshi ziliendesha mpango ulioitwa Phidisa, uliowapa askari dawa na wakati uohuo kuchunguza ni dawa zipi zinazofaa. Katika sehemu yake moja watu 1,771 walipewa mchanganyiko wa dawa wa aina nne tofauti na kufuatwa. Na waliopokelewa hawakuwa wenye sare tu. Wake, waume na wategemezi wao waliingia kwa mlango uleule. Miaka kumi na miwili baada ya kituo cha Kinshasa kufungwa, jeshi moja la Afrika lilikuwa limefika mahali ambapo kituo kile kilikuwa kimeanzia: kwenye nyumba nzima.

Turudi kwetu. Kambi ya jeshi nchini Kongo haijawa kamwe bweni la wanaume peke yao. Tangu enzi za Force Publique ya Wabelgiji mke wa askari aliishi kambini, akapika huko, akazalia huko, na desturi hiyo imeendelea hadi leo, kutoka Kokolo mjini Kinshasa hadi Vangu mjini Lubumbashi, hadi Saio mjini Bukavu. Baada ya mapatano ya 2002, vikosi vilivyokuwa maadui vilipochanganywa ili kuunda FARDC, familia ziliwafuata askari hadi kwenye vituo vya kuchanganyiwa, zikalala chini ya maturubai. Kwa hiyo mtu anayepanga upimaji katika jeshi la Kongo akimhesabu askari tu, amehesabu sehemu ndogo ya kambi. Jeshi lina programu yake, PALS, yenye waelimishaji wanaotoka miongoni mwa askari na wake zao, na wafadhili wa nje wameisaidia. Kuna pia makasisi wa jeshi, Wakatoliki na wa madhehebu mengine, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuambiwa siri.

Kilichobadili kazi ya kambini kuliko hotuba zote ni kitu kidogo: kipimo cha haraka. Kipimo cha miaka ya 1980 kilihitaji mashine, umeme na siku nyingi za kungoja jibu, na wengi hawakurudi kulichukua. Kipimo cha tone la damu ya kidole hutoa jibu kabla ya saa moja kupita, chini ya mti, mahali ambapo waya wa umeme haujafika. Anayeambukizwa karibuni anaweza kupata jibu la kutokuwa na virusi, kwa kuwa mwili haujatengeneza alama zinazotafutwa. Ndiyo maana hutakiwa kurudi baada ya miezi mitatu. Askari aliyerudi jana kutoka mstari wa mbele akionyesha karatasi yenye jibu zuri hajadanganya, lakini karatasi yake haijamaliza kusema.

Katika familia nyingi, hata hivyo, si yeye anayepimwa kwanza. Ni mkewe. Mwanamke mjamzito huenda kliniki, na huko hupewa kipimo ili mtoto alindwe. Hivyo mke hujua kabla ya mume, na anayejua kwanza huonekana kuwa ndiye aliyeleta. Niliposoma habari za ndoa zile 149 za Kinshasa, hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walisisitiza wawili waketi pamoja wakati wa jibu. Habari inayofika nyumbani mikononi mwa mwanamke mmoja aliye peke yake huweza kumfukuzisha. Habari inayopokelewa na wawili, mbele ya mshauri aliyekula kiapo cha kutunza siri, ina nafasi ya kuwa mzigo wa wote wawili. Na katika kambi, mahali ambapo ukuta ni bati na jirani ni mtu wa kikosi kimoja na mumeo, siri si adabu tu. Ni dawa ya kwanza. Muuguzi wa kambi naye ana cheo, na juu yake kuna mkuu mwenye uwezo wa kumwamuru afungue daftari. Programu zilizofaulu ni zile zilizoliweka daftari hilo mbali na meza ya kamanda.

Uchunguzi wa taifa wa 2007 ulikuta virusi kwa asilimia 1.3 ya Wakongomani wa miaka 15 hadi 49, na ule wa 2013 na 2014 asilimia 1.2, mara zote mbili wanawake walizidi wanaume. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008, iliyotiwa sahihi miezi miwili tu baada ya hukumu ya Pretoria, inawalinda wenye virusi wasibaguliwe, na inakataza mtu kupimwa bila ridhaa yake. Ni sheria ambayo kila kijana wa parokia anapaswa kuijua, hata kama hana ndugu jeshini. Na tangu 2011, utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba mwenye virusi akianza dawa mapema, uwezekano wa kumwambukiza mwenzi wake hupungua kwa asilimia 96. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likashauri kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa bila kungoja kudhoofika. Basi yule kijana ambaye mwaka 1985 kipimo kilimfungia mlango, leo kinamfungulia duka la dawa.

Lakini dawa hizo humezwa kila siku, maisha yote, na askari ni mtu wa kuhamishwa. Akitumwa kutoka Kananga kwenda Beni, anaweza kuondoka leo usiku. Akiwa na bahati, kikosi chake kina muuguzi mwenye akiba ya vidonge vya miezi mitatu. Mkewe hubaki kwanza, kisha humfuata baada ya majuma au miezi, kwa lori au kwa mtumbwi, na watoto na masufuria. Faili lake limebaki kwenye kliniki ya kambi ya zamani, na katika kliniki ya kambi mpya ataulizwa barua. Mumewe akifa vitani, anakuwa mjane katika nyumba inayosubiriwa na familia nyingine, na haki yake ya kutibiwa katika hospitali ya jeshi inategemea jinsi karatasi za marehemu zilivyoandikwa. Amri ya uhamisho hutaja jina la askari, namba yake, cheo chake na kikosi anachokwenda. Kadi ya kliniki ya mkewe haimo.